Tatu na Nusu, Kumi na Sita

Jumatatu, 6 Februari 1967

Watu kumi na wanane leo. Shuka jeupe ukutani, kiti mbele yake, vua kofia, tazama hapa, haya inuka. Salim, mume wangu, akapiga, mimi nikaandika majina kama kawaida. Karani wa bomani anataka picha mbili kwa kila kibali. Bila kibali chenye picha mtu hatoki kwenye manyatta, zile kambi za miba walikokusanywa wafugaji. Havuki kizuizi. Hauzi hata mbuzi mmoja.

Saa nne Salim aliniita pembeni. Akaniuliza lenzi iko namba ngapi. Nikasoma: nane. Akasema ndivyo alivyodhani. Jana pia aliniuliza. Na juzi.

Jumanne, 7 Februari

Amekubali leo. Mtoto wa jicho. La kulia lina ukungu tangu Ramadhani, la kushoto limeanza. Anaona mtu lakini haoni ni nani. Daktari wa macho yuko Mombasa, na kupata nafasi kwenye msafara wa magari ya jeshi ni miezi.

Aliyasema haya huku akimenya chungwa. Mimi ndiye niliyelia. Yeye aliendelea kumenya.

Kisha akasema kuanzia kesho mpiga picha ni mimi.

Jumatano, 8 Februari

Nimeishi na kamera hii miaka saba, tangu tulipotoka Lamu kuja Garissa. Nimesafisha filamu zake, nimechapa picha zake chumba cha giza. Sikuwahi kuishika kwa kazi.

Lenzi mbili. Ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Ukiinama juu ya kioo unamwona mtu, kulia kwake kukiwa kushoto. Kando kuna kijiti cha kufungua na kufunga tundu la lenzi. Namba zake: tatu na nusu, nne, tano nukta sita, nane, kumi na moja, kumi na sita, ishirini na mbili. Kijiti kingine cha kasi.

Salim alinieleza haraka. Nikasema nimeelewa.

Alhamisi, 9 Februari

Sikuwa nimeelewa.

Jana alasiri ua ulikuwa na kivuli kizito. Nikafikiri, mwanga ni kidogo, tundu liwe kubwa, basi namba iwe kubwa. Nikaweka kumi na sita. Watu kumi na wawili. Leo filamu imetoka kwenye dawa ikiwa nyeupe kama maji ya mvua. Nimejaribu kuchapa. Nyuso zote zimekuwa masizi. Mwanamume na mwanamke hawatofautiani.

Nimejichukia mchana kutwa.

Salim hakunigombeza. Aliniweka chini akaniuliza: sahani moja ya halua, ukiwagawia watu wanne, na ukiwagawia kumi na sita, pande la nani ni kubwa? Nikasema la wanne. Akasema hizo namba ni wagawiwa. Namba inapanda, tundu linapungua. Kila hatua moja mwanga unakuwa nusu ya ule wa kabla.

Kisha akafungua mgongo wa kamera tupu, akaniambia nitazame kwa nyuma huku nikisogeza kijiti. Ishirini na mbili: tundu kama la sindano. Kumi na moja: punje ya mtama. Tatu na nusu: dirisha zima. Vibati vyembamba vinajikunja na kujikunjua kama kope. Nimesogeza mara thelathini labda. Hapo ndipo nilipoelewa. Hapo tu.

Ijumaa, 10 Februari

Kati ya wale kumi na wawili, tisa wamerudi. Watatu karani alishawapa vibali na picha zile zile za masizi. Mmoja wao ni mzee Dahir, anayetuletea maji ya mto kwa punda. Leo amezuiwa kwenye kizuizi cha mtoni kwa saa tatu nzima kwa sababu askari hakuona uso.

Nimemwomba radhi. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Kisomali ambacho picha ni bija, "Mama Rukia, askari anasema hii bija ni ya usiku. Mimi nikamwambia hapana, ni ya mimi." Akacheka peke yake.

Nimempiga picha upya. Tano nukta sita, kivulini. Ametoka vizuri, kila kunyanzi.

Jumatatu, 13 Februari

Wanawake wengi leo kuliko wiki zote. Habari imeenea kwamba sasa anayepiga ni mwanamke. Wanafunua nyuso bila kugombana na waume zao. Nafasi ya kupumua sikupata.

Nimejifunza kwa watu. Mtu mweusi sana akivaa shuka jeupe, usilifuate shuka, fuata uso. Fungua tundu hatua moja zaidi. Jua la saa sita ni kumi na moja au kumi na sita, lakini macho yanakuwa mashimo, afadhali kivuli. Salim anakaa kwenye kigoda, anasikiliza mlio wa kijiti. Kila hatua ina mlio wake mdogo. Nikikosea anakohoa.

Jumatano, 15 Februari

Siku ya soko la mifugo. Khadija, jirani yetu, alileta maziwa ya ngamia na mumewe Abdullahi akitangulia. Abdullahi ananunua ngamia na mbuzi huko karibu na Liboi, mpakani, na kuwaleta hapa. Nilipiga picha yao pamoja, uani, si ya kibali. Aliitaka yeye Abdullahi. Khadija alikataa kucheka.

Katika picha hiyo nimeona jambo. Nilifungua tundu lote kwa sababu jua lilikuwa limeshuka. Wao wawili wako wazi hadi kope. Nyuma yao mlango, mtungi, kamba ya nguo, vyote vimekuwa moshi.

Nilimsomea Salim picha hiyo kwa mdomo. Akaniambia hilo ndilo la pili. Tundu kubwa linashika umbali mmoja tu, la mbele na la nyuma linayeyuka. Tundu dogo linashika vyote, kuanzia pua ya mtu hadi mlima. Na ukimsogelea mtu, kuyeyuka kunazidi. Alisema wapiga picha wengi wanaishi hadi kufa wakijua la kwanza tu.

Ijumaa, 17 Februari

Wamemchukua mchinjaji wa karibu na msikiti. Askari walizingira watu wakitoka swala, wakawapanga mstari, wakamleta mtu aliyevaa gunia kichwani, limetobolewa macho mawili. Anatembea, anatazama, akitikisa kichwa kwa mtu, mtu huyo anapakiwa lorini kama shifta, muasi wa msituni. Walipakiwa watatu. Watu wanasema mwenye gunia na mchinjaji waligombania kisima tangu zamani. Wote wamemjua kwa mwendo wake.

Abdullahi alikuwa mstarini. Alipitwa.

Watu kumi na wanne leo. Nane, kivulini.

Jumatatu, 20 Februari

Inspekta alikuja mwenyewe. Kijana wa bara, nadhifu, fimbo kwapani. Anataka picha ya soko Jumatano. Watu wote, nyuso zote, kubwa ya kutandika mezani. Mtu wake wa gunia akiletwa sokoni watu wanatawanyika, kwa hiyo ataonyeshwa picha ofisini, atie alama polepole.

Aliyasema bila kificho. Nadhani aliniona kama sehemu ya kamera.

Alimuuliza Salim kama naweza. Salim akasema naweza. Angesema nini kingine.

Naogopa. Sijala.

Jumanne, 21 Februari

Nimewaza kuugua. Nimewaza kuangusha kamera. Tukiangusha kamera hatuli. Na ataleta mwingine kutoka Nairobi.

Mengine niliyoyawaza siyaandiki.

Jumatano, 22 Februari

Saa tatu nilikuwa sokoni na askari wawili. Jua kali, vumbi la ngamia, korongo wamejaa juu ya miti. Watu wengi. Abdullahi safu ya tatu au ya nne, ameshika kamba ya ngamia. Ukimtafuta unampata, ni mrefu.

Mahali pa kupigia palikuwa juu ya lori. Nikasema la, ukitazama toka juu vilemba vitafunika nyuso, hazitaonekana. Hiyo ilikuwa kweli nusu. Nikashuka chini. Kisha nikamwambia inspekta, "Bwana, picha ya serikali bila bwana mwenyewe mbele si picha. Simama hapa." Nilishangaa sauti yangu ilivyokuwa ya kawaida.

Alisimama. Hatua mbili tu kutoka kwangu. Akarekebisha kofia, akaweka fimbo vizuri. Nikainama juu ya kioo. Nikazungusha kifundo cha umbali hadi nikaona vifungo vyake vimekaa sawasawa, herufi na yote. Nyuma yake soko lilikuwa rangi tu.

Tatu na nusu. Kasi mia tano, ya upesi kabisa, ili jua lisiichome filamu.

Nilipiga mara nne.  Baadaye niliosha vyombo vyote, hata visafi.

Salim aliuliza, "Uliweka ngapi?"

Nikamwambia.

"Kwenye jua lile?"

"Mia tano."

Alipapasa kijiti cha tundu. Kisha akasema, "Filamu itakuwa nzito kidogo. Itoe kwenye dawa dakika mbili mapema."

Niliitoa mapema, kama alivyosema.

Alhamisi, 23 Februari

Nimempelekea inspekta picha. Kwanza alifurahi. Aliishika mbali, akaishika karibu. Ni picha nzuri ya mwanamume, lazima niseme. Kisha akauliza, "Mama, hawa watu wa nyuma wako wapi?"

Nikamwambia lenzi hii inashika umbali mmoja. Bwana ulisimama karibu, ikakushika wewe.

Akasema nikuze zaidi. Nikamwambia nikikuza, na moshi utakua. Akanitazama. Sijui alichokiona. Akasema tutarudia Jumatano, na kwamba ana konstebo aliyewahi kufanya kazi studio huko Nakuru, huyo atasimama nami.

Nyumbani nilimweleza Salim.

Ijumaa, 24 Februari

Khadija aliingia na maziwa. Aliuliza kwa nini serikali inataka picha ya soko. Nilikuwa nakunja shuka la ukutani. Nikasema, "Jumatano watapiga tena. Safari hii itatoka."

Basi. Sentensi mbili. Alisimama kidogo, akaweka kibuyu chini, akasema, "Haya, abaayo," na kutoka. Kwao abaayo ni dada. Hakuwa ameniita hivyo hata siku moja.

Nimekaa nikizihesabu hizo sentensi mbili kama vile kuna mtu atazisikia ukutani.

Jumatatu, 27 Februari

Watu sita tu leo. Wote wazee. Nane, kivulini. Konstebo alipita kutazama kamera. Ni mtu mpole. Alishika lenzi kwa kitambaa, kama mtu anayejua. Alinisifu kwa kuitunza.

Abdullahi ameondoka Jumamosi na ngamia watatu. Upande gani sikuuliza.

Jumatano, 1 Machi

Konstebo alisimama begani kwangu. Inspekta alibaki nyuma yetu safari hii. Juu ya lori.

"Kumi na sita, mama," konstebo akasema. Nikaweka kumi na sita. Akainama kusoma, akathibitisha. Kasi mia moja. Nikalenga katikati ya soko.

Nikapiga picha zote kumi na mbili, hadi filamu ikaisha.

Kupitia kioo nilikuwa nimeshaona, lakini nimesubiri kuchapa ndipo niandike. Kila kitu kiko wazi. Miba ya ua. Pembe za mbuzi mmoja mmoja. Nyayo kwenye vumbi. Na watu: wanawake, wazee, mbuzi, watoto, wazee. Sidhani kuna mwanamume chini ya miaka hamsini katika soko zima la Garissa. Hata makarani wa soko wamezeeka.

Konstebo aliitazama picha ikikauka. Akasema, kwa sauti ya chini, "Hii sasa ni picha safi." Hakusema lingine. Sijui kama alikuwa anacheka.

Nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. 

Alhamisi, 2 Machi

Wamemchukua mzee Dahir.

Alikuwa sokoni na punda wake, akiuza maji, kama kila Jumatano. Khadija anasema aliambiwa abaki nyumbani. Akajibu, nani anamtaka mzee? Katika picha yuko upande wa kushoto, karibu kabisa, anatazama kamera moja kwa moja. Mwenye gunia alimtia alama. Ilibidi amtie alama mtu.

Wanasema mwanawe yuko msituni na shifta. Mwanawe alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Mtaa mzima unajua.

Ile yenye moshi haikumtoa mtu. Hii niliyoipiga vizuri ndiyo iliyomtoa.

Jumamosi, 4 Machi

Nimekwenda bomani. Nikamwambia inspekta kwamba mzee huyo hana mwana, na kwamba ndiye anayeleta maji kwetu, kwa mudiri wa mji na kwa nyumba za askari wenyewe. Aliniacha nimesimama. Kisha akatoa ile picha ya kwanza kwenye droo, ile yake. Akaiweka mezani kati yetu.

"Konstebo wangu ameniambia. Ungeweka kumi na sita siku ile, ungewashika wote. Hata mimi nikiwa mbele."

Nikaitazama picha.

"Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Mwanamke, wiki tatu tu kazini, angeniamini. Nikafikiria mzee Dahir kwenye ile picha, anavyonitazama.

Nikasema, "Nilijua."

Hakupiga kelele. Nadhani alichoka. Akasema kamera ibaki bomani kuanzia leo, na studio ifungwe, na nishukuru kwamba mume wangu ni kipofu. Kuhusu mzee, akasema ataangalia.

Niliipeleka kamera mwenyewe, imefungwa kwenye kanga. Hakuna aliyenipa stakabadhi.

Jumapili, 5 Machi

Nimemweleza Salim yote. Alisikiliza. Akaniuliza kama nilifunga kifuniko cha lenzi kabla ya kuipeleka. Nikasema nilifunga.

Akasema, "Vizuri."

Baadaye aliingia chumba cha giza akakaa humo mlango ukiwa wazi. Sikumfuata.

Jumanne, 14 Machi

Hakuna la kuandika. Nashona vilemba na kanzu. Karani analeta mpiga picha kutoka Thika mara moja kwa wiki, mwanamume, wanawake hawaendi. Khadija anatuletea maziwa, anakataa kuondoka bila kuona tumekunywa. Abdullahi amerudi wiki iliyopita. Tangu hapo yeye ndiye anayechota maji na punda wa mzee, anagawa nyumba kwa nyumba kama alivyofanya mzee mwenyewe. Ni mrefu mno kwa punda yule. Watu wanacheka, kisha wanakumbuka na kunyamaza.

Ijumaa, 24 Machi

Idi imepita. Tuliletewa nyama na nyumba tano. Sikuweza kula ya nyumba ya mzee Dahir, mkewe ndiye aliyeileta. Alikaa kidogo. Hakuniuliza kitu. Ningependa aniulize.

Salim sasa hawezi kupita mlangoni bila kugusa ukuta. Ameandikishwa msafara wa Mei.

Alhamisi, 13 Aprili

Mvua imeanza juzi. Barabara ya soko ni tope tupu.

Mzee Dahir amerudi.

Walimwachilia huru jana, bila maneno, kama walivyomchukua. Leo asubuhi alikuja kwetu kwa miguu, amekonda, mkono wa kushoto ameukunja kifuani. Nikamkaribisha ndani. Salim akasogea kwenye jamvi. Nikaleta chai ya maziwa na sukari nyingi, kama wapendavyo Wasomali. Tukakaa. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

Nilikuwa nimepanga maneno kwa wiki sita. Yote yakanitoka. Nikamwambia tu, "Mzee, ni mimi niliyepiga picha ile."

"Najua. Nani mwingine?"

Akanywa chai. Akaweka kikombe chini polepole, kwa mkono mzima.

"Walinionyesha," akasema. "Kila siku wanaleta, wanauliza, huyu ni wewe? Mimi nasema ndiyo. Bija nzuri sana, mama. Nimetoka fizuri." Akagusa shavu lake. "Sikujua mimi iko mzee hivi."

Salim akacheka kwanza. Kisha mzee. Mimi nilichelewa, lakini nikacheka.

Ameaga kabla ya adhuhuri. Nimesimama mlangoni hadi akapinda kona, akikwepa madimbwi.